Gobore Hugongwa Kabla ya Kupigwa

Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri. Saa naijua vizuri kwa sababu nilikuwa naitazama ile ya ukutani jikoni kwa Nyanya Surjit, ili nisitazamane na mtu.

Ndivyo nilivyo. Watu wakizidi wawili chumbani, macho yangu hutafuta saa, au dirisha, au kucha zangu. Shuleni mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua, jibu hunikwama kooni mpaka mwingine alitoe, halafu najichukia njia nzima ya kurudi nyumbani. Ndiyo sababu naandika. Na naandika Kiswahili kwa kuwa wasichana wa darasa letu hawawezi kukisoma, hata daftari likiniponyoka kwenye basi.

Nyanya Surjit si nyanya yangu wa damu. Ni jirani yetu hapa Kingstanding, mlango wa tatu kutoka kwetu, Mkalasinga aliyezaliwa Nakuru kama mimi, ila yeye alizaliwa zamani sana. Tulivyomfahamu ni kichekesho. Mama alikuwa kituo cha basi akimsengenya mtu kwenye simu, Kiswahili chote nje, akijua hapa hakuna anayemwelewa. Mara mama mzee wa Kihindi aliyekuwa nyuma yake, mtandio mweupe kichwani, akamgusa bega: "Huyo hata mimi ningemwacha." Mama alitaka ardhi immeze. Kuanzia hapo, Mama akiwa na zamu hospitalini Jumamosi, mimi huenda kwa Nyanya. Tunakunywa chai ya maziwa yenye tangawizi mpaka pua inawasha, yeye anaongea, mimi nasikiliza. Kwake mimi si bubu. Kwake mimi ni msikilizaji mzuri.

Sebuleni kwake, juu ya mahali pa moto, kuna bunduki ya marehemu baba yake. Nyanya huiita gobore, maana ni ya kale kabisa, ya kushindiliwa baruti mdomoni. Ina mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, na ukanda mwembamba wa chuma katikati unaoishikanisha kwa lehemu. Mara ya kwanza kuliona nilidhani mitutu imechorwa. Nyanya alicheka, akanisogeza karibu. Haikuchorwa. Mafundi waliolitengeneza walichukua fito za chuma laini na fito za chuma kigumu, wakazisokota zikiwa nyekundu kwa moto, wakazizungusha kama mtu anayesuka nywele za mkia, halafu wakazipiga nyundo mpaka zikawa bomba moja. Hiyo misuko bado inaonekana, hudhurungi kwa nyeusi, msuko juu ya msuko, mpaka mwisho. Hakuna msuko unaofanana na wenzake. Ukiupitisha mkono huhisi kitu, ni laini kama bilauri. Nimeona simu nyingi nzuri na viatu vingi vizuri, lakini sijawahi kuona kitu kilichotengenezwa na mtu kikanifanya nishushe sauti, isipokuwa hicho.

Gobore hilo lilizaliwa hapa hapa Birmingham, likasafiri mpaka Nakuru, mzungu mmoja wa Njoro akamwachia babake Nyanya alipokuwa akiondoka, kwa sababu ndiye aliyelielewa. Familia ilipohamia huku, likarudi nao. Mihuri iko chini ya mitutu, inaonyesha lilikotoka. Nyanya husema, "Hili ndilo peke yake katika nyumba hii linaloweza kusema limerudi kwao."

(Mama siku moja aliingia, akaliona lilivyo la hudhurungi, akasema kwa moyo mzuri kabisa, "Nyanya, wacha nilete stilwulu, nikusugulie hii kutu ing'ae kama sufuria." Nyanya alikaa chini. Ilibidi nimletee maji. Hiyo hudhurungi si kutu ya uchafu, ni rangi iliyowekwa kwa siku nyingi, na fundi wa kuiweka alikuwa mtu kama Nyanya mwenyewe.)

Sasa, hiyo Jumamosi. Tulikuwa watatu jikoni: mimi, Nyanya, na mwanawe, Anko Jaspal. Anko Jaspal ni mtu mwema. Akinikuta hapo huniletea chipsi. Alizaliwa huku, Kiswahili anakisikia chote lakini hajibu nacho. Mamake akimsemesha Kiswahili yeye hurudisha Kiingereza, na wanaelewana hivyo tangu akiwa mdogo. Nitayaandika maneno yake kwa Kiswahili ili nisichanganye.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Kesho yake, Jumapili, ilikuwa siku yao ya kumkumbuka babu, yaani yule babake Nyanya. Anko alipokuwa mtoto, babu alimwahidi kwamba akifikia urefu wa gobore watakwenda shamba walipige pamoja. Babu akafa Anko akiwa amebakiza kama upana wa kiganja. Sasa Anko ana mvi kwenye ndevu, na ameamua kutimiza ile ahadi peke yake. Alikuwa ameshapata kibali cha polisi, kwa sababu huku gobore likiwa pambo la ukutani hakuna neno, lakini ukitaka kulipiga lazima wakuruhusu. Kiwanja cha kulengea shabaha kilikuwa kinamngoja, baruti nyeusi ilikuwa huko huko kiwanjani. Kilichobaki ni gobore lenyewe.

Dada yake, anayeishi Leicester, hataki hata kusikia. Anasema kitu cha namna hiyo kinapelekwa makumbusho, kinakaa ndani ya kioo, watoto wa shule wanakitazama. Walikuwa wamegombana kwa simu wiki nzima.

"Bunduki isiyopigwa ni fimbo tu, Mama," Anko alisema. "Babu hakulitunza ili liwe picha."

"Mimi siko kwako na siko kwa dada yako," Nyanya akamjibu. "Kwetu gobore hugongwa kabla ya kupigwa. Lete."

Akalilaza mezani juu ya taulo. Vidole vyake vimepinda, lakini vilijua njia. Alisukuma kabari ndogo iliyopita kwenye ubao, akainua mitutu, ikatoka yote kwa pamoja na kuuacha ubao wake hapo. Nyuma ya mitutu kuna kijino kama ndoano. Akapitisha uzi kwenye hicho kijino, akamwambia Anko aufunge kwenye msumari ulio juu ya mlango wa jikoni, mpaka mitutu ikaning'inia hewani bila kugusa kitu. Halafu akaigonga kwa kifundo cha kidole, mara moja.

Ililia. Sauti ndefu, safi, kama ukingo wa glasi ukiuzungushia kidole kilicholowa.

"Kengele ya kanisa!" Anko alisema, uso wote unang'aa. "Mmesikia? Na ndani nimemulika kwa tochi, kweupe kabisa. Basi, tumemaliza."

Masikio ya Nyanya ni ya mashine, na mashine zenyewe hupiga mluzi anapocheka. Sauti nyembamba hazisikii tena, mwenyewe anasema. Akanigeukia mimi.

"Neema, umesikia nini?"

Nilikuwa nimesikia kengele. Lakini baada ya kengele, pale sauti inapokaribia kuisha, nilisikia kitu kingine, kidogo sana, kama nyuki aliyefunikwa na kikombe. Nikainua macho kutaka kusema, na macho yakaenda usoni mwa Anko Jaspal. Nyusi zake zilikuwa juu. Alikuwa na ule uso wa mtoto anayengoja kuambiwa ndiyo.

Nikatazama saa. Saa tisa na dakika kumi.

"Sijui, Nyanya," nikasema.

Anko akacheka kwa wema, akasema kama ningesikia ubaya ningejua. Akavaa koti, akambusu mamake kichwani. Kesho saa nne asubuhi atakuja kulichukua.

Mlango ulipofungwa, Nyanya aliiacha mitutu ining'inie. Aliosha vikombe vyote viwili ambavyo tayari vilikuwa safi. Akaweka chai nyingine. Halafu akaketi mbele yangu, akaanza, na nitayaweka maneno yake kama alivyoyasema, kadiri ninavyokumbuka:

"Kuna siku moja haijanitoka masikioni, mwanangu, hata sasa masikio yenyewe yamestaafu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tulikuwa tumefika Birmingham majira ya baridi, na mimi nilidhani mbingu imevunjika imeshuka chini. Baba alipata kazi kwenye karakana moja ndogo, ile mitaa ya mafundi wa bunduki kati ya Newtown na mjini. Siku hizi ukipita ni vyumba vya wanafunzi na maduka ya kahawa. Wakati ule ukipita ulisikia tupa zikikereza, kila dirisha.

"Nakuru, Baba alikuwa na duka lake la kutengeneza bunduki. Miaka mingi ya kuzijaribu ilimla masikio. Alisikia radi, hakusikia mlango. Kwa hiyo nilipokuwa mdogo nilikuwa masikio yake, na huku Birmingham vile vile. Nilimpelekea chakula cha mchana, nikabaki. Kwanza nilifagia. Baadaye wakanipa kazi ya kuweka rangi mitutu. Unapaka dawa, unaiacha ishike kutu, unachemsha kwa maji, unasugua kwa brashi laini, kesho unaanza tena. Siku ya kwanza unaona uchafu tu. Siku ya tatu unataka kulia. Halafu asubuhi moja unafungua kitambaa, na ile misuko ya yule fundi aliyekufa zamani inatokea, mmoja mmoja, kama uso wa mtu unayemjua akitoka kwenye umati. Nakuambia, mwanangu, nilimpenda mtu ambaye hata jina lake sikulijua. Nilisema moyoni, wewe ulikuwa na subira kuliko mimi.

"Usishangae ninavyokusimulia kazi hii kwa Kiswahili. Kwetu Kipunjabi kilikuwa cha jikoni na cha gurudwara, kule tunakosali. Kiswahili kilikuwa cha kazi, maana Baba aliijulia kazi Nakuru, akaifundisha vijana wake Nakuru. Hata hapa nikishika brashi tu ulimi ulijigeuza wenyewe. Na ilitufaa. Tajiri wa karakana na wateja hawakujua tunasema nini.

"Basi siku hiyo akaingia bwana mmoja mrefu, koti la mvua la kijani, gobore amelibana kwapani kama mkate. Zuri! Hilo letu ni zuri, lakini lile lilikuwa bwana harusi. Akatueleza. Mama yake alikuwa kitandani, hatoki tena. Alikuwa ameomba kitu kimoja, alisikie lile gobore la baba yake kwa mara ya mwisho. Kwa hiyo bwana alitaka litazamwe, alipeleke nyumbani, alipige bustanini chini ya dirisha la mama. Alipokuwa akisema hivyo midomo ilimtetemeka. Mwanaume mzima, mwanangu.

"Baba akatoa kabari, akaitundika mitutu, akaigonga. Akaniangalia mimi. 'Surjit, umesikia nini?'

"Nilikuwa nimesikia. Lakini kabla sijajibu, macho yangu yalikimbilia kwa yule bwana.

"Baba aligonga meza hiyo! Chai ikamwagika. 'Surjit! Unatafuta nini usoni mwa bwana? Uso wake haukuungwa kwa lehemu. Rudi kwenye chuma. Sikukuuliza kama yeye atafurahi, nimekuuliza mtutu unasema nini.'

"Hakuwa amenigombeza mbele ya watu tangu nizaliwe. Bwana wa watu alirudi nyuma hatua moja, nadhani alifikiri tunagombania chakula. Mimi mashavu yaliniwaka. Nikafumba macho, ili nisimwone. Nikaigonga mwenyewe. Nikasema, 'Baba, kuna nyuki.'

"Basi. Baba alichana kipande cha karatasi nyembamba, ile ya ndani ya pakiti ya majani ya chai, akaisogeza pale ukanda unapokutana na mtutu. Ikaingia yenyewe, kama barua chini ya mlango. Mahali ambapo hata unywele haukupaswa kupita. Lehemu ilikuwa imeachia. Ukilipiga vile, na mtutu unatanuka kwa baruti, hujui nini kitabaki mkononi mwako.

"Bwana akawa mwekundu. 'Huyu msichana anajua nini?' akauliza. Baba, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, akamwambia, 'Anajua kile wewe ungekijua pia, kama usingelipenda sana.'

"Kipendacho roho, mwanangu, hula nyama mbichi. Yule bwana alikuwa ameligonga nyumbani kwake mara nyingi, alituambia. Kila mara alisikia kengele.

"Baba hakuwa mtu wa kuharamisha baruti, usinielewe vibaya. Likija gobore zima alisema, lipigeni, kufungia kizima ni kuzika mtu anayepumua. Lakini kuhusu hilo la bwana, alimweleza polepole. Tunaweza kulipasha moto, tuunge upya, litapigika. Ila moto utaiondoa rangi aliyoiweka yule wa kwanza. Itakayorudi itakuwa rangi ya Surjit. 'Na rangi ya Surjit si mbaya,' akasema, na hapo ndipo alipolipa lile kofi la meza, ukitaka kujua. 'Lakini haitakuwa ile mama yako aliyoiona.'

"Bwana aliichomoa ile karatasi mwenyewe. Halafu akaniomba mimi, si Baba, akaniomba mimi niigonge tena. Nikaigonga. Akasikiliza mpaka mwisho kabisa, mpaka kwa nyuki. Akaondoka nalo amelibeba kwa mikono miwili, kama mtoto wa siku moja.

"Alirudi baadaye kutuambia. Aliitundika mitutu juu ya kitanda cha mama yake akaigonga. Mama akafumbua macho, akasema, 'Ndiyo hiyo.' Kumbe babake huyo mama alikuwa akiigonga hivyo hivyo jikoni kabla ya kutoka kwenda kuwinda. Alichokuwa ametamani miaka yote hakikuwa mshindo. Ni hicho. Bwana alikuwa karibu kuwapa mama na jirani zake mshindo mmoja mkubwa, na mama angekufa akingoja mlio mwingine."

Nyanya alikiinua kikombe chake, akakirudisha. Mashine za masikio zikapiga mluzi mdogo, akazisukuma kwa kidole. Chai ilikuwa imeshika utando.

"Nakwambia haya kwa nini? Sikiliza, mwanangu, nikuweke sawa. Ya kale ni dhahabu, watu husema, halafu mmoja anakimbilia kuivaa barabarani, mwingine anaifukia chini ya kitanda. Wote wawili hawajaitazama. Kitu cha kale kikiwa kizima, kitumie, ndiyo heshima ya aliyekitengeneza. Kikiwa kimechoka, kipumzishe, na usikionee haya, hata mimi nimechoka na bado mnakuja kunywa chai yangu. Lakini kizima au kimechoka, hakuna ajuaye mpaka awepo mtu wa kukisikiliza, na mtu huyo aseme. Watu wenye haya kama mimi na wewe tumepewa masikio makubwa, maana hatuyazibi kwa maneno yetu. Hiyo ni zawadi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, ni kweli, lakini mimi nakuongezea ya kwangu: ulimi uliofungwa nao hujikwaa, tena huangukia watu wengine. Ukiulizwa umesikia nini, usiende kuomba ruhusa usoni mwa mtu. Unaweza kusema kwa upole. Unaweza kusema kwa sauti ndogo. Sema tu."

Akauweka mkono wake kichwani kwangu. Ulinukia tangawizi na sabuni.

"Mungu akupe masikio yasiyochagua, na ulimi usiokimbia. Akuzeeshe polepole, na siku atakapoanza kuchukua vitu vyake, masikio ayachukue mwisho. Haya, nenda, mamako amerudi."

Hakuniuliza tena nilisikia nini. Hilo ndilo lililonimaliza. Aliiacha mitutu pale mlangoni, nikainama kupita chini yake kama mtu anayepita chini ya kitu kinacholala.

Nyumbani nilimweleza Mama akivua viatu vya kazi. Alisikiliza, kisha akasema, "Neema, hayo ni mambo ya familia ya watu. Mwana anamkumbuka babu yake, dada yake ana yake, wewe unaingia hapo kama nani?"

"Kama aliyeulizwa," nikasema.

Mama alinitazama kama amesikia redio ikiongea bila kuwashwa. Aliponipa chakula alinipa ile nyama aliyokuwa amejiwekea.

Nililala vibaya. Nilikuwa nikimwona Anko Jaspal amelishika, gobore liko begani, shavu lake karibu kabisa na ule ukanda. Halafu nilimwona mtoto aliyebakiza upana wa kiganja. Sikujua yupi anaumiza zaidi.

Jumapili, kabla ya saa nne, nilikuwa tayari jikoni kwa Nyanya. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya paa za Kingstanding, mtaa mzima kimya. Anko alifika kwa wakati. Alikuwa amepiga kilemba cha bluu, rangi ambayo babu yake huivaa kwenye picha ya sebuleni, na amebeba mfuko mrefu wenye sponji ndani. Alikuwa na furaha ya kuamkia safari. Akanyoosha mkono kufungua uzi.

"Anko Jaspal," nikasema. "Subiri."

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Akasimama, mkono hewani. Nadhani hakuwa amewahi kunisikia nikimtaja jina.

Friji ilikuwa inanguruma. Nikaenda nikachomoa waya wake ukutani. Ikatetemeka, ikanyamaza, na jikoni pakawa na ukimya ambao sijawahi kuusikia pale. Nyanya alikuwa kwenye kiti chake, mikono mapajani. Hakunisaidia, hata kwa jicho.

Nikaenda mpaka chini ya mitutu. Nikafumba macho. Nikaigonga kwa kifundo cha kidole kama nilivyomwona yeye akifanya.

Kengele. Ndefu, safi. Nikangoja. Nikaifuata mpaka inakoishia, na yule nyuki alikuwa pale, chini ya kikombe chake.

"Inalia vizuri sana," nikasema, macho bado yamefungwa. "Halafu mwishoni kuna nyuki. Nilimsikia na jana. Niliogopa kusema. Ukanda umeachia mahali fulani. Samahani, Anko."

Nilisikia Anko akivuta hewa kwa pua. Nikasikia karatasi ikichanwa, nyembamba, nikajua bila kuona kwamba kwenye kabati la Nyanya kulikuwa na pakiti ya majani ya chai, na kwamba hadithi ile Anko pia aliijua, kwamba katika nyumba hii huenda kila mtu ameshasimuliwa. Karatasi ilikwaruza chuma, ikakwaruza, ikakwaruza. Kisha haikukwaruza tena. Ilikuwa imeingia.

Kiti cha meza kilivutwa. Kitu kizito kiliketi. Muda ukapita, sijui kiasi gani, saa sikuitazama. Mfuko wa sponji ukaanguka sakafuni na hakuna aliyeuokota.

Halafu sauti ya Anko Jaspal, ya chini, imekwaruzika, kama mlango ambao haujafunguliwa miaka mingi. Na ilikuwa kwa Kiswahili.

"Babu alikuwa anagonga hivyo," akasema. "Kila Jumapili. Mimi nilikuwa chini ya meza." Nikasikia karatasi ikichomolewa. "Gonga tena, Neema."

Nikafungua macho, nikamtazama usoni, nikagonga tena.